Vanishi na Ubao

Mtu akifungua mlango wa Mercedes-Benz ya zamani, jicho lake hutua kwenye mbao kabla ya kufika kwenye usukani. Zimekatiza dashibodi, zimeizunguka gia, zimepanda hadi milangoni, na kwa jinsi zinavyong'aa mtu hudhani ni mbao nene. Sivyo. Katika yale magari makubwa ya kampuni hiyo yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1979, mbao nyingi zinazoonekana ni ganda la mti uitwao zebrano, unaoota katika misitu ya Kameruni na Gabon. Ganda lenyewe halifiki milimita moja kwa unene, nalo limegundishwa juu ya kiini cha mbao za kawaida. Juu ya ganda kuna vanishi ngumu ya kiwandani, na vanishi hiyo huweza kuwa nene kuliko ubao inaoufunika.

Nimeyajua haya kwa kuyashika. Nilikuwa msaidizi wa fundi seremala mmoja wa Mikindani tulipofufua mbao za gari la namna hiyo, na kazi ile imenipa jicho ambalo sikuwa nalo. Naona sasa kwamba vitu vingi vya thamani vina tabaka lililowekwa ili liliwe, na chini yake kuna kitu ambacho kikiliwa hakirudi. Ujuzi wa seremala ni kutenganisha hivyo viwili kwa mkono. Kwa wengine wetu, katika mambo ya nyumba na ya mji, naona mara nyingi tunafanya kinyume: tunailinda vanishi, tunaukwangua ubao.

Gari lilikuwa la mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba ni mtu mzito. Ukoo wetu hufuata upande wa mama, na kwa desturi yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya jando la mpwa wake, ndoa yake na ugomvi wake. Mjomba wangu alikuwa mhasibu katika shirika la umma Dar es Salaam. Benzi hilo alilipata mnadani miaka ya 1990, likiwa limekwisha kuwachosha wakubwa kadhaa. Kizazi kilicholelewa na Azimio la Arusha la mwaka 1967 kiliwaita wenye magari hayo Wabenzi, na halikuwa jina la sifa. Yeye alicheka tu, akisema Mbenzi wa mnadani hana hatia. Alipostaafu alilileta Mtwara kwa barabara na kuvuka Rufiji kwa pantoni, kwa maana Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa baadaye, mwaka 2003. Waliosafiri njia ile wakati wa mvua wanajua kwamba kufika tu ilikuwa habari ya kusimuliwa.

Alipofariki, gari lilibaki chini ya mkorosho nyuma ya nyumba. Upepo wa bahari ulifanya kazi yake, na mvua zetu za huku kusini, ambazo huja kwa msimu mmoja mrefu kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili, zikafanya yake. Bati lilistahimili kuliko nilivyotazamia. Mbao ndizo zilizoumia. Vanishi ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba kila upande na kugeuka manjano yenye ukungu. Sehemu iliyopigwa na jua kupitia kioo cha mbele ilikuwa imepauka. Kwenye kingo, ganda la zebrano lilikuwa limeachana na kiini na kuinuka, na juu ya kisahani cha majivu kipande chenye ukubwa wa kidole kilikuwa kimeng'oka na kupotea. Pembeni yake palikuwa na alama ya sigara.

Ushauri niliopewa mjini ulikuwa wa namna mbili. Wapo walioniambia nitoe mbao zote niweke plastiki yenye picha ya mbao, maana inauzwa na haipasuki. Wapo walioniambia nichukue msasa, nisugue mpaka niuone ubao mpya, kisha nipake vanishi. Ushauri wa pili ulionekana wa heshima zaidi, na ndio ambao ungeliharibu gari kabisa, kwa sababu chini ya lile ganda hakuna ubao mpya. Kuna kiini cha rangi ya uji na gundi.

Mikindani iko kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, kwenye ghuba yake iliyotulia. Ni mji mkongwe kuliko Mtwara kwa mbali. Fundi niliyepelekwa kwake hakuwa mtu wa magari. Alikuwa seremala wa milango na vitanda, mtoto wa fundi wa vyombo vya baharini, na ujana wake aliumalizia kwenye mashua. Alivua kofia, akaingiza kichwa ndani ya gari, akapitisha ukucha juu ya ufa mmoja, akautazama ukucha. Kisha akasema, "Mwanangu, kilichokufa hapa ni deheni. Mti uko hai."

Kwa wasiojua mambo ya pwani, deheni ni ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta ambao hupakwa chini ya chombo, sehemu inayozama. Wakati wa bamvua, maji yakijaa sana, chombo huletwa juu kadiri kinavyoweza. Maji yakitoka kinabaki kimelala mchangani. Hapo mafundi hukikwangua magamba na majani ya bahari, hukipitishia moto wa makuti ili kuua wadudu watoboao mbao, hutazama pamba ya kalafati kati ya mbao na mbao, kisha hupaka deheni upya. Baada ya muda kazi hiyo hurudiwa. Hakuna nahodha anayeisikitikia deheni ya zamani, kwa sababu iliwekwa ili bahari iile yenyewe badala ya kula mbao. Ikibaki muda mrefu mno bila kuondolewa, wadudu hujificha nyuma yake, na chombo kinachoonekana kizima kikiwa pwani hukutwa kimetobolewa.

Fundi alilitazama lile Benzi kwa macho ya mashua. Vanishi ile, alisema, imekaa zaidi ya siku zake. Ilikuwa imekwisha kuzuia jua na unyevu kwa miaka mingi, ikachoka, ikapasuka, na sasa inafanya kinyume cha ilichowekewa: inaingiza unyevu kwa kila ufa na kuufungia ndani, juu ya gundi. Kwa hiyo itoke, na itoke yote. Mimi nilikuwa nimeanza kuingiwa na huruma na alama ya sigara ya mjomba, nikamwuliza kama tunaweza kuiacha. Akaikwangua kidogo kwa ncha ya kisu na kunionyesha kwamba ule weusi ulikuwa ndani ya vanishi, haukufika kwenye mti. "Hii si mjomba wako," alisema. "Hii ni sigara."

Sentensi hiyo ilinichoma, halafu ikanifungua. Tuna mazoea ya kudhani kwamba kupenda cha zamani ni kukiacha na kila kilichokigandia. Fundi hakuwa na mapenzi ya namna hiyo. Kwa uchafu, ukungu na vanishi iliyokufa alikuwa mkali. Upole wake wote aliuweka akiba kwa ajili ya lile ganda jembamba.

Upole huo nao ulikuwa na njia yake. Hakuanza na msasa. Alisema msasa hauna macho: haujui vanishi inaishia wapi na mti unaanzia wapi, unakula vyote kwa mwendo mmoja, na kwa kuwa unaacha uso laini, mtu hufurahi huku akipoteza. Alianza na joto. Alipuliza hewa ya moto sehemu ndogo kwa wakati mmoja, mpaka vanishi ikalainika na kuinuka kingoni, kisha akaiondoa kwa kikwangulio chenye makali butu, akifuata mkondo wa nyuzi. Joto likizidi, gundi ya chini nayo inalainika na ganda linapanda. Likipungua, vanishi inang'ang'ania na kung'oka na nyuzi za mti. Kwa hiyo mkono mmoja ulikuwa na mashine na mwingine ulikuwa kwenye ubao, ukipima. Kazi yangu ilikuwa kushika, kupokea makapi na kunyamaza.

Vanishi ilitoka vipande vipande, kavu na ya manjano, na chini yake zebrano ikatokeza na mistari yake myeusi juu ya kahawia hafifu. Haikuwa mpya. Upande uliopigwa na jua ulikuwa mweupe zaidi, na chini ya kisahani cha majivu, mahali palipofunikwa, rangi ilikuwa bado nzito. Pale ganda lilipoinuka, fundi aliingiza gundi kwa bomba la sindano, akafunika kwa nailoni, akaweka kibao cha mbao laini na kukibana, akaliacha likauke bila haraka. Kwa lile pengo la ukubwa wa kidole hapakuwa na zebrano mjini wala mkoani. Alichagua kipande cha mninga ambacho nyuzi zake zilikaribiana nayo, akakichonga chembamba, akakikata umbo la dau: ncha mbele, ncha nyuma, tumbo katikati. Kiraka cha mraba, alieleza, hukata nyuzi kwa mstari mmoja na jicho hukiona upesi; chenye ncha huingia kati ya nyuzi na kupotea nazo. Mistari myeusi aliirudishia kwa wino na brashi nyembamba. Ukikaa kwenye kiti cha mbele na kutazama kwa makusudi, unakiona. Fundi hakuona haya kwa hilo. Alisema kiraka kina wajibu wa kuzuia unyevu usiingie, hakina wajibu wa kudanganya.

Msasa ulikuja mwishoni, ule laini kabisa, na hata hapo ulitumika zaidi juu ya vanishi mpya, kati ya koti na koti, pasipo kuugusa mti. Tulipaka ile vanishi ya boti inayovumilia jua, nyembamba, koti baada ya koti, na tulisubiri kusi ikaze na hewa ikauke ndipo tuanze. Nilimwuliza kwa nini tusipake moja nzito tukamaliza. Akanijibu kwamba nzito hukauka juu ikabaki mbichi chini, na siku moja hukunjamana.

Nikiwa na makapi yale mkononi niliwaza habari nyingine ya pwani hii ambayo wengi wetu tumeisahau. Kabla ya vanishi za kiwandani, vanishi bora ya magari ya farasi huko Ulaya na Marekani ilitengenezwa kwa sandarusi, na sandarusi iliyosifiwa kuliko zote kwa ugumu ilikuwa ile ya pwani yetu. Wafanyabiashara waliiita ya Zanzibar kwa kuwa ndipo iliposafirishiwa, lakini ilichimbwa bara, katika ukanda wa misitu ya pwani unaoshuka kusini hadi Ruvuma. Ilikuwa utomvu wa misandarusi iliyokufa zamani, uliolala ardhini mpaka ukawa mgumu, na juu yake umejaa vipele vidogo. Watu wa pwani walichimba mashimo kwenye udongo mwekundu wenye mchanga, wakauza kwa wafanyabiashara wa Kihindi, nao wakapeleka Unguja. Richard Burton, aliyepita pwani hii kati ya 1857 na 1859, aliandika kwa kirefu juu ya biashara hiyo. David Livingstone, alipoanza safari yake ya mwisho huku kwetu mwaka 1866, naye aliandika juu ya misandarusi na uchimbaji wake.

Marekani ilikuwa mnunuzi mkubwa. Baada ya mkataba wake na Seyyid Said wa mwaka 1833, meli za mji wa Salem, Massachusetts, zilikuja Unguja kwa pembe za ndovu na sandarusi, na huko Salem kilikuwepo kiwanda cha kuisafisha. Kutoka hapo iliyeyushwa na kuchanganywa na mafuta ya kitani, ikapakwa juu ya mbao za magari ya farasi, na baadaye juu ya magari ya kwanza ya injini. Kila koti lilitakiwa kukauka na kusuguliwa, na gari moja liliweza kukaa kwenye chumba cha rangi kwa majuma. Katika miaka ya 1920 wenye viwanda vya Marekani walianza kutumia rangi mpya ya kupuliza iliyokauka kwa saa chache, na sandarusi ikashindwa kwenda na haraka hiyo. Bei ikaanguka. Mashimo yakajaa mchanga.

Nilipomsimulia fundi, hakushangaa. Alijua miti yenyewe. Bado ipo katika vichaka vya pwani, na baadhi ya watu huchoma utomvu wake kwa harufu. Kilichokufa ni mng'ao wake huko ng'ambo. Hapo nilijisikia kwa mara ya kwanza kutoionea aibu ile biashara iliyopotea. Vanishi ya dunia ilitoka kwetu, ikabadilishwa, kama vanishi zote zinavyobadilishwa. Msandarusi haukuwahi kujua kwamba umeshuka bei. Na kwa wanaopenda kujua pwani hii ina nini na magari, mafuta ya ganda la korosho, yale yanayounguza mikono ya wanawake wanaobangua, hutumika viwandani kutengenezea pedi za breki. Tumeyapa magari ya ulimwengu mng'ao na pia namna ya kusimama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko mbao. Mjomba alipofariki, siku ya arobaini, gari lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Wazee wa upande wa mama walisema mali ya mjomba humfuata mpwa, na mpwa ni mimi. Watoto wake walisema, na sheria ya nchi haikuwa mbali nao, kwamba mali ya baba humfuata mtoto. Gari lenyewe halikuwa likiwaka. Walakini sauti zilipanda, na watu waliokula sahani moja utotoni walianza kuitana kwa majina kamili. Kila upande ulikuwa na ukweli wake, na kila upande ulitaka kuusema wote, siku hiyohiyo, mbele ya watu wote.

Binti mkubwa wa mjomba, ambaye ni mwalimu na kwa haki ya ubinamu ni mtani wangu wa kudumu, ndiye aliyekuja nami Mikindani. Alikaa kwenye gogo akitazama vanishi ikitoka, na bila kunigeukia akauliza: "Kwani kadi ya gari ni deheni au ni mti?" Tulicheka. Halafu tukajibu kwa pamoja, kwa maana jibu lilikuwa limelala mbele yetu. Jina kwenye kadi linafutwa na kuandikwa jingine. Hiyo ndiyo kazi ya kadi. Undugu wa watoto wa kaka na dada ni ganda lisilofika milimita moja, na chini yake hakuna jingine la kusugulia. Kadi ikaandikwa jina lake. Gari likabaki kwangu, na kila arusi ya ukoo lina zamu ya kubeba maharusi. Wazee walinung'unika kwamba nimeiuza mila. Mimi naona mila ya mjomba ilikuwa ni kuwaweka wapwa na watoto kwenye mkeka mmoja, na mkeka huo ndio tulioulinda.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchunguza kauli za kuambizana ukweli. Ukweli ni chombo kizuri, lakini upo unaosemwa kwa joto kidogo na kikwangulio, ukaondoa lawama iliyogandia na kumwacha mtu mzima. Na upo unaosemwa kwa msasa, ukamng'arisha msemaji na kumtoboa msikilizaji. Baba anayemsuta mwanawe mbele ya wageni ili heshima ya nyumba ionekane safi ametumia msasa. Heshima ya nyumba ingeweza kupakwa upya juma lijalo. Mtoto hawezi.

Hata mji wangu nausoma hivi sasa. Mtwara imepakwa upya mara nyingi kuliko miji mingi ya umri wake. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walikuwa na Mpango wa Karanga; kwa ajili yake ilianza kujengwa bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zilikataa kufuata makaratasi. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954 na ipo mpaka leo, kwa sababu kina cha ghuba hakikutegemea karanga. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Hapo hasara ilikuwa zaidi ya vanishi.

Miaka ya 1970 ndiyo inayonifikirisha zaidi. Kuwahamishia watu katika vijiji kulikuwa na nia njema ya shule, maji na zahanati, lakini wakulima wengi wa kusini waliachanishwa na mikorosho yao, na mkorosho haubebeki kichwani. Bei zilikuwa mbaya, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Korosho za Tanzania zilishuka kutoka tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Viwanda vikubwa vya kubangua vilivyojengwa muongo uleule vikawa majengo makubwa yenye kimya. Mpango ni vanishi, unaweza kuwa mzuri au mbaya na ukabadilishwa. Mkulima na mti wake ndio ubao, na safari hiyo ndio uliosuguliwa.

Ufufuo wa korosho ulikuja kwa mikono ya wenye subira. Watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya Mtwara, hawakuwaambia wakulima wakate kila kilichozeeka. Walifundisha kupogolea, kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, na kubebesha vikonyo vya aina bora juu ya mashina makongwe ambayo mizizi yake ilikuwa bado na nguvu. Ni kiraka cha mninga juu ya zebrano, isipokuwa hiki kinazaa. Kwa hiyo gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982 karibu na maingilio ya mto Ruvuma, ilipoanza kuzungumzwa kama mng'ao mpya, na watu wakaandamana mwaka 2013 kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, nilielewa swali lao hata pale nilipochukia moto uliowashwa. Walikuwa wanauliza safari hii kitakachokwanguliwa ni nini.

Hapa inafaa niitendee haki vanishi, isije ikaonekana nimeihukumu. Kuna watu wanaojivunia kwamba wao hawana mambo ya nje: hawasalimii kwa madaha, hawaendi msibani na kanga mpya, hawamwiti mzee kwa cheo chake. Husema wanatazama moyo. Fundi wangu asingewaelewa. Ubao usio na vanishi haukai Mtwara hata miaka michache. Jua huupausha, chumvi huingia, gundi huachia. Shikamoo, adabu za mkekani, zawadi ya arusi, hata utani wa mabinamu, vyote ni makoti membamba yanayopokea kwanza lile pigo ambalo lingempata mtu. Tunavihitaji. Kosa huanza pale koti lililochoka linapopewa hadhi ya mti, na mtu wa kweli akatolewa kafara ili sherehe isivunjike.

Nyumba za zamani za Mikindani zinasema jambo hilihili kwa wajenzi. Ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ya nje ilirudiwa kila ilipochakaa; inapumua, inatoa unyevu, inaliwa na mvua, inapakwa tena. Katika siku zetu zipo kuta zilizozibwa kwa saruji ili kazi iishe mara moja. Saruji haiachii unyevu, na jiwe huoza ndani huku uso ukiwa imara. Anayetaka kinga isiyohitaji kurudiwa hukilipisha kile anachokikinga.

Namna ya kutenganisha vanishi na ubao haina kanuni ya maneno machache, lakini kuna maswali ambayo fundi alinizoesha. Kitu hiki kikiondoka, nani anaweza kukirudisha, na kwa muda gani? Kama jibu ni mimi, wiki ijayo, basi nisikipiganie sana. Kama jibu ni hakuna, nishushe mkono. La pili: kinachonisukuma kusugua ni ugonjwa wa kitu chenyewe, au ni haya yangu mbele ya watakaokitazama? Mtu mwenye haya hushika msasa mapema. La tatu ni la subira: je, nimesubiri msimu wake? Maneno mengi mazuri yamekunjamana kwa sababu yalipakwa wakati wa mvua.

Gari linatembea sasa, kwa mwendo wa mstaafu. Mbao zake zinang'aa, na wageni wa arusi huzipiga picha. Binamu yangu na mimi tumekwisha kuwaambia watoto wetu, wake na wangu, kwamba mng'ao huo si wa kuwarithisha. Jua la Mtwara litaumaliza, na litakuwa na haki. Siku vanishi yetu itakapopasuka waitoe bila kutuonea huruma, hata wakikuta alama za vidole vyetu ndani yake. Watumie joto kwanza. Wakiuona mstari wa kwanza mweusi, wasimame hapo hapo, waweke vyombo chini, kisha waulizane kama wamesubiri kusi.